Machano na Haki ya Moshi

Hapo zamani, enzi ambazo sultani akipiga chafya mji mzima hujifuta pua, alikuwako katika mji wa Kivumoni mtu mmoja maskini wa kutupwa, jina lake Machano. Watu wa Kivumoni walimhesabu kuwa mpumbavu, na sababu zao walikuwa nazo.

Kwanza, alikuwa mwanamume anayepika. Mkewe Mize alikuwa mfinyanzi hodari, tangu asubuhi mikono yake imo udongoni, basi Machano akashika mwiko, wala hakuona haya. Wanaume wenziwe wakimwona amejifunga kanga kiunoni, amekaa juu ya mbuzi akikuna nazi, walicheka hata wakashikana mabega. Kisha harufu ya kunde zake ikiwafikia, walinyamaza, wakaenda makwao kugombana na wake zao.

Tena, Machano ukimwambia neno alilishika lile neno lenyewe, si lile ulilokusudia moyoni. Tajiri mmoja aliwahi kumweka bawabu, akamwambia, "Leo asiingie mtu humu ndani, hata awe nani." Tajiri akaenda arusini, na aliporudi akakuta mlango umekomewa.

"Fungua, ni mimi!"

"Najua ni wewe, bwana. Lakini na wewe ni mtu."

Basi tajiri akalala barazani pamoja na mbu, na toka siku ile Machano akaitwa mpumbavu, ingawa aliyelala kitandani alikuwa yeye.

Nyumbani kwake walikuwamo Mize, na watoto ambao idadi yao ilibadilika kwa kadiri ya watoto wa jirani waliokuwapo, na mama mkwe wake, Bi Kazija, bibi mfupi mkavu, ambaye hata dua zake aliziomba kwa sauti ya mtu anayegombeza.

Na Sultani wa mji huo, Nuumani, hakuwa mbaya sana wala mwema sana. Alikuwa mtu asiyejua mambo. Chakula chake kilipikwa mwisho wa jumba, kikaonjwa na mwonjaji, kikaonjwa na mwonjaji wa yule mwonjaji, kikapita kwa Waziri Mudhafari, ambaye yeye alionja kwa mapenzi yake tu, hata kinapomfikia Sultani kimekwisha kupoa, na mafuta yameganda juu kama nta. Wapishi nao, kwa kuogopa kukosea, walitia marashi katika kila kitu, hata mayai hayakusalimika. Sultani akala peke yake nyuma ya pazia, asiwepo hata mmoja wa kumwambia, "Ongeza kidogo."

Ikawa siku moja ya masika Sultani alikwenda kuwinda. Mvua ikashuka, farasi wake akatishika akamtenga na wenzake, akamchukua mbio mashambani mpaka akasimama mwenyewe mbele ya nyumba ya Machano.

Na humo ndani ilikuwa ni saa ya kula. Machano alikuwa ameoka mikate ya mofa kwa unga wa mtama, kila mkate ameubandika ubavuni mwa tanuri la udongo hata ukafura na kuungua kidogo mgongoni. Na kunde zilikuwa zimechemka katika tui zito hata zikawa rojorojo, zikanukia bizari na kitunguu cha kukaanga. Sinia lilikuwa chini, watu wamelizunguka, na wote walikuwa na furaha isiyo ya kawaida. Kwa maana palikuwa na ushuru Kivumoni, ukiitwa haki ya moshi: nyumba yoyote iliyoonekana moshi wa jiko, mtoza ushuru aliingia akachukua sehemu ya chakula kwa jina la Sultani. Na aliyekwenda barazani kwa Sultani kulalamika alipigwa bakora mlangoni, kwa kumsingizia Waziri. Lakini mtoza ushuru hakupenda kulowa, basi wakaambizana, "Alhamdulillahi kwa mvua hii. Leo tutakula chetu chote."

Ndipo mlango ukagongwa. Hakuwa mtoza ushuru, alikuwa Sultani mwenyewe.

Machano alimjua kwa kilemba chake, ijapokuwa kilikuwa kimelowa na kumwangukia masikioni. "Karibu, Maulana," akanena, kwa kuwa hapakuwa na neno jingine la kunena. Sultani akakaa, akamega mkate, akachovya, akatia kinywani, na macho yake yakafumba yenyewe. Akamega tena. Watoto wakawa wanalitazama tonge likitoka sinia likienda kinywani, likitoka likienda, na vichwa vyao vikifuata. Machano akamwona mtoto wake wa mwisho, Subeti, akimeza mate kila Sultani alipomeza chakula, na moyo ukamchoma; lakini mgeni ni mgeni, na huyu alikuwa mgeni mwenye upanga. Sultani hakuacha hata kunde moja. Mvua ilipokatika akajifuta midomo, akasema, "Mnakula vizuri ninyi watu," akapanda farasi wake akaenda zake.

"Tunakula vizuri," Bi Kazija akasema, akilitazama sinia.

Toka siku ile Sultani hakutaka tena chakula cha jumbani. Akawaamuru wapishi wampikie kunde na mofa, wakampikia, wakatia marashi. Akatupa sahani. Wakampikia tena, wakatia lozi na zabibu. Akatupa sahani na mpishi. Mwisho akatuma askari, Machano akaletwa barazani, akasimama mbele ya wakubwa wote na kanga yake kiunoni, kwa maana askari hawakumpa nafasi ya kuifungua.

"Ewe Machano," Sultani akanena, "Ijumaa hii utaniandalia hapa jumbani chakula kile kile, kama kiliwavyo nyumbani kwako, pasipungue hata kitu kimoja. Kikipungua kitu, utafungwa kwa kunidharau."

"Naam, Maulana. Na kisipopungua?"

Waziri Mudhafari, mtu mnene mwenye pete kila kidole, akainama akamnong'oneza Sultani, na Sultani akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Kisipopungua, utakaa jikoni kwangu maisha yako yote, maana siwezi kuwa nakutumia askari kila nikiona njaa."

"Na wanangu, Maulana?"

"Wana mama yao."

Watu wa baraza wakacheka, kwa kuwa Sultani amesema. Akikosea ni gereza, akipatia ni gereza lenye masufuria. Akajikuna shingo kama mtu mzito wa kufahamu, kisha akanena, "Mimi ni mpumbavu, Maulana, kila mtu anajua. Naomba nilishike neno vizuri. Kama kiliwavyo nyumbani kwangu, pasipungue hata kitu?"

"Hata kitu."

"Na mtu akinizuia nisikilete kitu?"

"Atakuwa amenizuia mimi," akasema Sultani kwa kuchoka. "Nenda."

Machano alipomweleza mkewe, Mize aliacha chungu alichokuwa akikifinyanga kikalala upande. "Basi ndiyo tumekwisha," akasema. "Mimi na mama na watoto hawa tutabaki tukinusa upepo utokao jumbani. Kwa nini usitie chumvi nyingi, ukafungwa kidogo, ukarudi?"

"Gereza la Waziri halina kidogo," Machano akajibu. "Nami nimeambiwa pasipungue kitu. Hebu nieleze, Mama Subeti, chakula cha nyumba hii kimewahi kuliwa bila ya wewe kuwapo?"

Mize akamkazia macho. Halafu, polepole, kicheko kikaanza kumpanda, hata ikambidi ajifute machozi kwa kiwiko, maana viganja vilikuwa na udongo.

Ijumaa, jua lilipoanza kuchomoza, mabawabu wa jumba wakaona msafara unakuja. Mbele alikuwa Machano na tanuri la udongo kichwani. Nyuma yake Mize na vyungu, na watoto, wa kwake na wa jirani, wamebeba mkeka uliotoboka, jiwe la kusagia, mzigo wa kuni mbichi, na paka mmoja asiyetaka kubebwa. Mwisho Bi Kazija na fimbo yake.

"Mnakwenda wapi na uchafu huo?" bawabu akauliza.

"Ni chakula cha Sultani," akajibu Machano. "Ameamuru pasipungue kitu, na atakayezuia amemzuia yeye. Nikutaje jina, au utatupisha?"

Wakapita. Wakaweka tanuri katikati ya ukumbi, juu ya zulia. Sultani akatoka chumbani mwake, nyuma yake mtumishi na sinia la halwa na kahawa, na Machano akalipokea lile sinia kwa adabu zote akalirudisha lilikotoka.

"Samehe, Maulana. Kwetu hatufungui kinywa mpaka chakula kiive, na chakula huiva alasiri. Ukila halwa, njaa itapungua, nami nitafungwa."

Sultani akacheka, akaona ni mchezo. "Vema. Na nianze na nini?"

"Kwetu asiyesaga hali, ila akiwa mgonjwa. Maulana ni mgonjwa?"

"Mimi ni mzima!"

"Basi jiwe hili hapa."

Wakubwa wa baraza wakashikwa na kikohozi, mmoja baada ya mwingine. Sultani akawatazama, akaona akikataa ataonekana amelivunja neno lake mwenyewe, akapandisha mikono ya joho, akapiga magoti, akaanza kusaga mtama. Bi Kazija akaja akasimama juu yake, akachota unga kwa vidole viwili, akausugua.

"Huu ni unga au ni kokoto? Sukuma kwa mabega, mwanangu. Mikono peke yake haisagi."

"Bibi, unajua unasema na nani?" Waziri Mudhafari akafoka.

"Nasema na mtu anayesaga vibaya," akajibu Bi Kazija. "Na wewe uliyesimama bila kazi, sogea, unaniziba mwanga."

Unga ukapatikana, Machano akaukanda akautia chachu, akauacha uumuke. Kisha akawasha moto. Moshi ukapanda mzito, wa kijivu, ukaingia katika mapazia ya hariri na ndevu za wakubwa. Sultani akatokwa na machozi.

"Kuni gani hizi? Katika nchi yangu hakuna kuni kavu?"

"Zipo, Maulana, msituni. Lakini msitu ni wako, na anayeokota ukuni mkavu hukatwa kidole. Sisi hupikia hizi mbichi za kandokando ya mto. Niupunguze moshi?"

Sultani akalikumbuka neno lake, akajifuta macho kwa ncha ya kilemba.

Ilipofika adhuhuri hakuwa anacheka tena. Alikuwa na njaa, njaa ya kweli, ambayo hakuwa ameionja tangu utoto wake, na harufu ya kitunguu ilikuwa inamzunguka. Akawa anakwenda mpaka kwenye tanuri, anachungulia, anarudi. Mara mbili Mize akampiga mkono kwa mwiko kwa bahati mbaya, alipotaka kunyofoa ubavu wa mkate. Na mara ya pili Machano aliona wazi kuwa haikuwa bahati mbaya, akageuza uso.

Alasiri chakula kikateremshwa. Mkeka ukatandikwa, watu wakakaa duara, Sultani akabanwa baina ya Subeti na yule paka. Bi Kazija akanawa wa kwanza, kwa utu uzima wake, akaanza bismillahi. Sultani akanyosha mkono.

"Ngoja, Maulana," akasema Machano, maana sasa alikuwa amefika pale alipopaogopa tangu alipotoka nyumbani. "Kitu kimoja kimepungua."

"Kitu gani tena, ewe mtu? Nakufa!"

"Mtoza ushuru wako. Chakula chetu hakiliwi mpaka aje."

Waziri Mudhafari akasogea mbele upesi. "Maulana, hili halina haja. Mpumbavu huyu anakupotezea wakati, na chakula kinapoa."

"Nilisema pasipungue kitu," akasema Sultani, ambaye alitaka tu yaishe ale. "Aitwe huyo mtoza ushuru, afanye afanyavyo, haraka!"

Akaletwa. Jina lake lilikuwa Ngwali, mtu mrefu mwenye kapu kubwa, na alipomwona Sultani chini juu ya mkeka, kapu likamponyoka.

"Fanya kama ufanyavyo nyumbani kwa watu hawa," akaamriwa. "Ukipunguza kitu utaniona."

Ngwali akamtazama Waziri. Waziri akatazama dari. Basi Ngwali akainama juu ya sinia akaanza kama alivyozoea. "Haki ya moshi," akasema, akachukua mikate iliyofura vizuri. "Haki ya chumvi," akachukua mingine. Akatia upawa katika chungu, akazoa zile kunde nzito za chini, akaziacha zile za juu zenye maji. "Haki ya kuokota," akaenda kuchukua mkate uliokuwa mbele ya Subeti, na mtoto akauachia bila kulia, kama mtu aliyezoea. Mwisho akainama mbele ya Sultani, akausogelea mkate ule ambao Sultani alikuwa amekwisha kuutolea macho.

"Huu ni wangu!" Sultani akanguruma, akaushika.

"Kwa jina la Sultani," akasema Ngwali kwa sauti nyembamba, maana ndilo neno alilozoea, likamtoka lenyewe.

Sultani akalitazama kapu, akalitazama sinia, ambamo mlikuwa mmebaki mikate iliyoungua na mchuzi wa kuonea uso.

"Mimi sijapata kuona hata mkate mmoja wa haki ya moshi," akanena taratibu. "Hiki chakula hupelekwa wapi?"

Ngwali akapiga magoti. "Kwa Waziri, Maulana."

"Waziri hula mtama?"

"Hapana, Maulana. Waziri hapendi mtama. Huliwa na mabata wake."

Hakuna aliyekohoa safari hii. Sultani akageuka, asimtazame Waziri wala Ngwali, akamtazama Bi Kazija. "Siku ile ya mvua, nilipokula kwenu. Nyinyi mlikula nini?"

"Tulikula kukutazama," akajibu Bi Kazija.

Machano akadhani kichwa cha mama mkwe wake kimekwenda. Lakini Sultani aliinama, masikio yake yakawa mekundu kama ya mtoto aliyekamatwa na sukari mkononi. Akauvunja mkate wake akamtilia Subeti mbele yake, na kwa mkono wake mwenyewe akalimimina kapu lote la Ngwali juu ya sinia. "Kuleni," akasema. Nao wakala, naye akala pamoja nao, akigombea nafasi na watoto, na alipotaka kuacha Bi Kazija akamsukumia kipande akasema, "Ongeza, umekonda." Wakubwa wa baraza wakasimama pembeni wakimeza mate, hapana aliyewakaribisha.

Aliposhiba, Sultani akajifuta midomo, akawa Sultani tena. "Machano, hakikupungua kitu. Nami nilisema utakaa hapa maisha, na neno langu halirudi."

"Haliwezi kurudi, Maulana," akasema Machano, akiinama mpaka chini. "Ndiyo maana tumekuja na mkeka. Mama mkwe wangu amekwisha kuchagua chumba."

"Chumba gani?"

"Kile chenye pazia la kijani," akasema Bi Kazija. "Kitanda ni kirefu mno, lakini kitakatwa. Na kesho alfajiri nitakuamsha usage, maana unga wa leo ulikuwa wa aibu."

Sultani akamtazama Bi Kazija, akalitazama zulia lake lililotoboka kwa makaa, akamtazama paka aliyekuwa amelala juu ya kiti cha enzi. Kisha akacheka, akacheka hata kilemba kikamwangukia tena masikioni. "Neno langu halirudi," akasema, "lakini jiko langu laweza kuhama. Tangu leo jiko la Sultani ni lile lililo nyumbani kwa Machano. Kaa humo maisha. Nami nikitaka kula kwenye jiko langu nitakuja, na unga wangu nitauleta mkononi."

Akaifuta haki ya moshi siku ile ile, akawaruhusu watu kuokota kuni kavu. Na Waziri Mudhafari hakukatwa kichwa wala hakufungwa. Sultani alimvua pete zote, akamhukumu asage mtama nyumba kwa nyumba, kila nyumba aliyoichukulia chakula, mpaka wenyewe waseme basi. Na watu wa Kivumoni hawakuwa na haraka ya kusema basi.

Zamu ya nyumba ya Machano ilipofika, Waziri alisaga tangu asubuhi, malengelenge mikononi, na Bi Kazija juu ya kichwa chake na vidole vyake viwili. Alasiri mikate ikatoka tanurini, na kwa kuwa kwao anayesaga hula, Machano akampa mkate wa moto na bakuli la kunde kama mtu mwingine yeyote. Waziri akamega, akachovya, akatia kinywani. Akakaa vile, hatafuni, mkate umo shavuni, na machozi yakaanza kumtiririka.

"Ni moshi," akasema.

"Moshi gani?" akauliza Bi Kazija. "Siku hizi tunapikia kuni kavu."

Basi huko ndiko walikobaki, wakila mkate wao ungali moto, na mimi niliyewasimulieni sikuachiwa hata ukoko.